Huyu mtu wa vidole hapa Pangani atatuua washairi kwa presha

Wakuu, naandika huku mkono unatetemeka. Jina simtaji, wa Pangani wote mnamjua. Yule yule. Wa kanzu ya kijivu na mkoba wa miswada ambayo haijaonwa na mchapaji tangu enzi za Mjerumani.

Jana jioni barazani, kikao cha washairi. Mama yangu kaja. Shangazi kavuka na kivuko kutoka Bweni, khanga mpya, doti bado ina gundi. Nikasimama, nikakohoa, nikaanza:

"Nimekuja mbele yenu, kueleza yalonisibu..."

Hata pumzi sijavuta. Mtu kainua mkono juu, anakunja kidole kimoja kimoja, midomo inamcheza, halafu kwa sauti ya mnadi wa samaki: "KUMI NA SABA!"

Kumi na saba! Eti mizani, yaani silabi za mshororo, zimepita 16! Shairi lina beti 12, mimi niko mshororo wa kwanza! Baraza zima likaanza kuhesabu. Muuza kahawa katua dele chini apate kuhesabu. Mama yangu mzazi, aliyenibeba tumboni, nikamwona kidole gumba kinatembea.

Sheikh Kaluta Amri Abedi alitoa sheria za kutunga mashairi 1954. Nionyesheni ukurasa unaoruhusu mtunzi kuhesabiwa mbele ya mama yake.

Na ndiye huyu anayejigamba kuwa Shaaban Robert alipokuwa Forodha alikuwa akimwuliza babu yake vina. Babu mwenyewe kila mwaka anapanda cheo. Mwaka jana alikuwa mpishi wake, mwaka huu mwalimu wake. Tukinyamaza mpaka Ramadhani, babu ndiye katunga vyote.

KUMI NA SABA. Usiku kucha naisikia. Nisaidieni kulaani.

Mla Kashata: Ngoja nivute kigoda.

Kidagaa: Ni-me-ku-ja mbe-le ye-nu, nane. Ku-e-le-za ya-lo-ni-si-bu, tisa. Mkuu, mzee wa watu kakosea wapi?

Mleta uzi: Nani kakuuliza?

Bibie wa Bweni: Andika "kueleza yanisibu", zinatimia 16, maisha yaendelee. Hiyo khanga ya shangazi ina jina gani?

Mleta uzi: Siandiki! Suala si mizani, suala ni VIDOLE. Angehesabu kimoyomoyo nani angemkataza?

Mla Kashata: Punguza povu, keyboard itaingia maji.

Mtunzi Huru: Ndiyo maana wengine vina tuliviacha. Kezilahabi na mashairi yake yasiyo na vina katufungulia mlango tangu 1974, nyie mpaka leo mnahesabiana vidole.

Kidagaa: Wewe nyamaza. Shairi lako la mwezi jana lilikuwa orodha ya dukani. Sukari, mstari. Unga, mstari. Mafuta ya taa, ukalia.

Mtunzi Huru: Ile ilikuwa taswira ya njaa.

Kidagaa: Tuliiona. Ulimaliza sambusa zote.

Mla Kashata: Mimi nilidhani anasemwa yule mama wa riwaya. Anatuingiza mtaa mzima humo, kabadilisha herufi moja tu ya jina. Mimi kaniua sura ya tatu, kipindupindu.

Bibie wa Bweni: Una bahati. Mimi kanipa talaka tatu na kitambi. Mume wangu kasoma, sasa ananiangalia tumbo.

Mleta uzi: Jamani, hiyo fungueni uzi wenu. Hapa tunazungumzia mtu kukatizwa kwenye MSHORORO WA KWANZA.

Mpiga Kasia: Samahani, ile diwani ya mashairi yetu ya pamoja iliishia wapi? Tulichangishwa, tukaambiwa kila mtunzi nakala mbili. Kitabu sijaona, nimeona mweka hazina na pikipiki.

Kidagaa: Mimi nilitoa ya watu wawili! Nilimlipia na mjomba.

Bibie wa Bweni: Pikipiki nyekundu?

Mpiga Kasia: Hiyo hiyo. Kila nikimwuliza anasema kitabu kiko kwa mhariri. Mhariri nani, hasemi.

Mleta uzi: KUMI NA SABA wakuu, mbele ya shangazi...

Mpiga Kasia: Wewe subiri kwanza. Bibie, uko Bweni sasa hivi? Chungulia foleni ya kivuko, mweka hazina kaonekana anavuka na magunia mawili ya nazi.

Bibie wa Bweni: Yuko wa tatu. Helmeti hajavaa. Nimwite?