Shilingi 1,130,000 zimeteketea, kumbe gari ilikuwa inavuta hewa. Mafundi wa dizeli, kupima ni dhambi?

Wakuu, nina hasira na leo sitazificha. Moderator akiona nimezidisha anihamishie uzi anakotaka, lakini asiufute.

Gari ni Hilux ya zamani, injini 3L, ile dizeli ya cc 2779 isiyo na turbo. Haina kompyuta wala sensa za kusingizia. Dizeli inatoka tangini, inapita kwenye filta, inaingia kwenye pampu, inakwenda kwenye nozeli nne zinazoinyunyiza kwenye silinda. Basi. Naibebea viazi huku Makambako na wakati mwingine inashuka hadi Dar.

Shida yake ilikuwa moja: asubuhi. Stata inapiga vizuri, injini inazunguka, haishiki. Unapiga, unapumzisha, unapiga tena. Mara ya nne au ya tano inakohoa, inatikisika kama mgonjwa wa malaria, halafu inatulia na kuunguruma kana kwamba haijakukosea kitu. Mchana kutwa uizime na kuiwasha utakavyo, haina neno. Ilale tu, kesho ni yale yale.

Fundi wa kwanza hakufungua hata boneti vizuri. "Bosi, hiyo ni betri." Nikanunua N70 mpya, 260,000. Kesho yake ikawaka kwa mara ya pili, tukapongezana. Siku ya tatu ikarudi kulekule. Betri mpya ilikuwa inaizungusha injini kwa kasi tu, kwa hiyo ilifika haraka kidogo kule ilikokuwa ikifika polepole. Nikamrudia. "Basi stata imechoka." Brashi na bushi, 90,000. Stata ambayo tangu mwanzo ilikuwa inapiga!

Ukaingia mwezi wa sita na mnajua baridi ya Njombe. Fundi wa pili akasema hita, zile plagi zinazopasha silinda moto kabla ya kuwasha, zimekufa. Hapa niwe mkweli, mbili kati ya nne zilikuwa zimekufa kweli, alizipima kwa testa mbele yangu. Tukaweka nne mpya, 100,000 na ufundi. Asubuhi, ng'o.

Sasa sikilizeni kitu ambacho nimekuja kukijua nikiwa nimeshafilisika. Injini ya dizeli unapoipiga stata bila kuwaka, tazama ekzosi. Ikitoa moshi mweupe au wa kijivu, maana yake dizeli inafika kwenye silinda lakini haiungui: hapo ndipo uzungumzie hita, mgandamizo au taimingi, yaani wakati ambao dizeli inanyunyizwa. Isipotoa moshi wowote, dizeli haijafika, na hata ungeweka hita za dhahabu huwezi kuwasha kitu ambacho hakipo. Gari yangu ilikuwa haitoi moshi. Hata kidogo. Mafundi watatu wamesimama nyuma ya gari ile wakisukuma, nyuso zao hatua mbili kutoka kwenye ekzosi, na hakuna hata mmoja aliyejiuliza mbona hakuna moshi.

Mmoja wao, huyo simsamehi, alichovya kitambaa kwenye petroli akakiweka kwenye mdomo wa hewa, na hita zimewaka. Injini iligonga "ka!" nikadhani pistoni imepasuka. Yeye anacheka, "umeona bosi, imeshika!" Imeshika petroli, kaka. Tulikuwa tunatafuta dizeli.

Kisha nikapelekwa kwa fundi pampu. Huyu ni mtu mzima, ana mashine ya kupimia nozeli, ana cheti ukutani, nikamwita "mzee" kwa heshima zote. Akasema kwanza nimewekewa mafuta yaliyochakachuliwa kituoni. Nikamwambia nimejaza vituo vitatu tofauti, mikoa miwili, na tangu kodi ya mafuta ya taa ipandishwe mwaka 2011 mchezo ule wa kuyachanganya na dizeli haulipi kama zamani. Akabadilisha wimbo: pampu imelegea ndani, nozeli zinadondosha. Sili za pampu, nozeli nne mpya, kufunga na kutoa hewa: 680,000. Nikauza viazi gunia kwa gunia kumlipa.

Jioni ile iliwaka kwa mguso mmoja, kwa sababu alikuwa ametoka kuijaza dizeli na kutoa hewa! Asubuhi haikuwaka.

Kilichoniumiza zaidi ni kwamba dalili nilikuwa nayo mwenyewe. Kwa kuwa nilichoka kutafuta watu wa kusukuma, nilianza kuiegesha kwenye kilima karibu na nyumbani, pua chini, ili asubuhi niiachie ijistue. Na kila nilipoiegesha hapo iliwaka kwa ufunguo, sikuwahi kuhitaji kuiachia. Nikiiacha uwanjani tambarare, inakataa. Niliwaambia mafundi wote. Wote walijibu, "Endelea kuegesha hapo hapo basi, mzee."

Aliyenisaidia ni dereva mstaafu wa malori, jirani ya shemeji yangu, wala si fundi. Nilipomwambia habari ya kilima aliweka kikombe chini akasema, "Dizeli yako inarudi tangini usiku." Akanieleza hivi. Gari hii haina pampu ndani ya tangi. Pampu ya injini ndiyo inayonyonya dizeli kutoka nyuma, kama mtoto na mrija. Mrija ukiwa na tundu, dizeli haimwagiki nje, hewa ndiyo inaingia ndani. Ndiyo maana hapakuwa na tone chini ya gari na kila fundi alisema "hakuna kinachovuja." Injini ikizimwa, ile hewa inaachia dizeli irudi nyuma taratibu. Ukiegesha pua chini, tangi linakuwa juu ya injini, dizeli haina pa kurudi.

Kipimo chake kilikuwa kidumu cha lita tano. Tulisafisha kidumu, tukakiweka juu ya boneti na dizeli ndani, mpira ukaenda moja kwa moja kwenye mdomo wa pampu bila kupitia filta wala tangi. Gari ikalala tambarare, baridi ya kuganda. Saa kumi na mbili asubuhi nikagusa ufunguo, ikashika hata kabla sijamaliza bismillah. Pampu nzima, nozeli nzima, hita nzima, betri nzima. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichokuwa chanzo cha shida!

Usiku wa pili tukahamisha mpira wa kidumu kwenye mdomo wa kuingilia wa filta, ili dizeli ishuke kupitia filta. Asubuhi ile pampu ya mkono iliyo juu ya filta, unayoibonyeza kutoa hewa, ilikuwa imelowa. Inatoka jasho la dizeli. Kwa kuhakikisha tukarudisha bomba za tangi, tukaweka kipande cha mpira mweupe unaoonyesha ndani kati ya filta na pampu: mapovu. Tukaweka kingine kabla ya filta: safi kabisa, hakuna povu hata moja.

Pampu ya mkono na kichwa cha filta, 40,000. Dakika ishirini za spana. Ni wiki ya tano sasa inawaka kila asubuhi.

Mtaniambia mafundi nao ni binadamu. Sawa, kukosea naelewa. Ila hakuna aliyekosea hapa, maana kukosea ni mpaka ujaribu kutafuta. Hawa walikuwa wanauza spea. Mtu anakutajia kifaa kabla hujamaliza kueleza gari inafanyaje!

Na bado sijamaliza na fundi pampu. Nozeli zangu za zamani, za kiwandani, ambazo hazikuwa chanzo cha shida, amebaki nazo. Nimempigia anasema alizitupa. Alizonifungia yeye, gari ikipanda mlima Kitonga na mzigo inatoa moshi mweusi mpaka wa nyuma wanapiga honi. Anasema "zitazoea." Nozeli zinazoea nini?

Mwenye uzoefu wa 3L aniambie: nimdai anipimie shinikizo la hizi nozeli upya bure, au niende kwa mwingine tu niepushe ugomvi? Na kama kuna mtu anajua fundi kati ya Makambako na Iringa anayepima kwanza ndipo anataja bei, anitumie namba PM.