Injini inavuja oili: nifungue mwenyewe, nimpe fundi, au niendelee kuongeza?

Mkazi wa Buhongwa
Wakuu, wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni. Niko Mwanza, nina Toyota IST ya cc 1,300. Mwezi sasa kila asubuhi nakuta madoa ya oili chini, na jana napandisha mlima wa Bugando harufu ya oili inayoungua ikaingia hadi ndani. Taa ya oili haijawaka. Fundi wa kwanza alichungulia chini dakika mbili akasema oili sili ya nyuma, ile raba inayozuia oili upande wa giaboksi, kwa hiyo giaboksi ishuke. Wa pili akasema gasketi ya sampo, lile bakuli la oili chini ya injini. Jirani ananiambia nimimine dawa ya kuzuia kuvuja, shemeji anasema niongeze oili tu maisha yaendelee. Mimi nina boksi la soketi, jeki moja na Jumapili nzima. Gari hili ndilo linalompeleka mama kliniki, siwezi kulibahatisha. Niende na lipi?

Spana Kumi
Mdogo wangu, kabla hujachagua nani afungue, jua inatokea wapi. Oili ikivuja juu inateremka, gari likitembea upepo unaisukuma nyuma, mwisho inadondokea palepale injini inapokutana na giaboksi. Ukichungulia chini peke yake, kila mvujo utauita sili ya nyuma. Nimeona watu wameshusha giaboksi, wamelipa, na wiki haijaisha doa limerudi. Halafu injini yako hiyo, 2NZ, sampo yake haina gasketi. Imebandikwa kwa silikoni. Anayekuuzia gasketi ya sampo muulize vizuri.

Fanya hivi. Injini ikiwa ya baridi, funika koili za plagi na altaneta kwa nailoni, osha kwa brashi na sabuni ya injini, acha ikauke kabisa. Chukua poda ya mtoto, nyunyiza kuzunguka tapeti kava (kifuniko cha juu cha injini), kwenye swichi ya oili, shingoni mwa filta na karibu na puli ya krenki, shafti kuu ya injini. Nenda Nyegezi urudi, zima, washa tochi. Poda iliyolowa hugeuka rangi ya kahawa. Palipolowa juu kuliko pote ndipo panapotoka. Usiku tandika boksi jeupe chini. Ukikuta tone jekundu, hiyo ni ya giaboksi, ni habari nyingine.

Harufu ya kuungua inanipeleka tapeti kava, maana oili ya pale hudondokea eksozi. Ikiwa hivyo, fungua mwenyewe bila hofu: boliti namba 10, koili nne, na huingii chini ya gari. Swichi ya oili na filta pia unaziweza. Boliti ya kumwagia oili ikivuja, mara nyingi tatizo ni washa yake, ile pete ya chini ya boliti. Sili ya krenki, ya mbele au ya nyuma, mpe fundi. Sili yenyewe ni bei ndogo. Unacholipia ni mikono inayoiingiza bila kuipinda.

Binti Ukerewe
Kaka, mimi nilibadilisha gasketi ya tapeti kava ya Vitz yangu hapa nyumbani Igoma. Kazi yenyewe si ngumu, ugumu uko kwenye usafi. Gasketi ya zamani ilikuwa imekauka, naivunja vipande kama biskuti, na kila kipande nilikitoa kwa kibano kisidondokee ndani. Nilitumia asubuhi nzima kufuta ule mdomo kwa kitambaa kisichoacha nyuzi.

Silikoni weka kidogo sana, pale tu kwenye kona mbili ambako kava la cheni linakutana na silinda hedi. Ukijaza, ile inayobanwa kwa ndani inakatika, inashuka kwenye sampo na kuziba chujio la pampu ya oili. Hapo umeua injini kwa sababu ya doa. Kaza kuanzia katikati kwenda nje, kwa awamu, kwa spana fupi ya T bila kutumia nguvu ya mkono mzima. Boliti zile zinakatika upesi.

Dereva wa Sirari
Naunga mkono, ila msimwache bila hili: akague PCV, kivali cha kupumulia injini. Kikiziba, hewa ya ndani inakosa pa kutokea na inasukuma oili kwenye kila gasketi. Utaweka mpya na itavuja tena. Kichomoe, kitikise. Kizima kinalia kacha kacha.

Dawa siiungi mkono. Inalainisha raba za sili zilizokauka, basi. Gasketi iliyovunjika haiponi. Na usidanganywe kumimina 20W-50 eti nzito haivuji. Injini hizi zina njia nyembamba za oili.

Kuhusu kuongeza tu: inafaa kukufikisha siku ya matengenezo. Lakini pima, usikisie. Injini yako inachukua lita 3.7 pamoja na filta, ukimimina kopo zima la lita 4 umeshazidisha. Na kwa milima yetu hii tafuta tambarare kwanza. Ukipimia kwenye mteremko wa Mabatini, dipstiki inakudanganya. Taa ya oili usiingojee kabisa. Inasoma presha, haisomi kiasi, na ikiwaka unaweka gari pembeni palipo salama na kuzima injini mara moja.

Mzee wa Kirumba
Wanangu, jeki moja haikai na mtu chini ya gari. Kama huna stendi za kushikilia gari, usiingie. Na oili chafu msiimwage mtaroni. Mitaro ya mjini inateremka Mirongo, Mirongo unaingia ziwani, na maji ya kunywa tunayavuta Capripoint. Weka kwenye dumu, mpelekee fundi mwenye pipa la oili chakavu.

Mkazi wa Buhongwa
Mrejesho, wakuu, na asanteni. Poda imesema. Tapeti kava upande wa nyuma ilikuwa imelowa mpaka kwenye eksozi, na mashimo mawili ya plagi yalikuwa na oili. Kumbe misi ya asubuhi, injini kukosa moto na kutetemeka, ambayo sikuwatajia, ilitoka hapo. Nimefungua mwenyewe, gasketi mpya, PCV mpya. Kwa sili ya nyuma hakuna kitu, pakavu.

Ila nyuma ya puli ya krenki poda imelowa kidogo, kama ukucha. Sili ya mbele ya krenki nimeshanunua. Jumamosi nampelekea fundi, na nimemwomba niwepo anapoiingiza. Spana Kumi, nimwambie aangalie nini kwenye shafti kabla hajaweka mpya?

Spana Kumi
Apitishe ukucha pale sili inaposugua. Ukikwama kwenye mfereji, sili mpya isikae palepale pa zamani, aisogeze kidogo sana. Na mdomo wake aupake oili, usiingie mkavu.