El Nino ileile: kwetu mafuriko, Zambia ukame. Imekuwaje?

Mkulima wa Same: Wanajukwaa, salaam. Ninalima mahindi na maharage katika tambarare za Same. Vuli ya 2023 tulitabiriwa El Nino, na mvua zikanyesha kweli hadi maharage yakaozea shambani. Msimu huohuo shemeji yangu aliyeko kusini mwa Zambia alipoteza karibu mahindi yote kwa jua, na Februari 2024 serikali ya huko ikatangaza janga la kitaifa. Yeye naye anailaumu El Nino. Tena, mbona 2015, ambao pia ulikuwa mwaka wa El Nino kubwa, hatukuona gharika kama ile ya 1997?

Mfuatilia mawingu: Ndugu yangu, nyote wawili mna haki. El Nino ni kupanda kwa joto la maji ya juu katika Bahari ya Pasifiki, kwenye ukanda wa ikweta, na joto hilo huhamisha maeneo ambayo hewa hupanda na kufanya mawingu, pamoja na yale ambayo hushuka na kuyafukuza. Mara nyingi sisi wa vuli huangukia upande wa mawingu, ilhali kusini mwa Afrika hupata hewa inayoshuka katikati ya msimu wao, mahindi yakiwa ndiyo kwanza yanatoa mbelewele.

Kuhusu 2015, itazame bahari ya jirani. Bahari ya Hindi ina mzunguko wake, uitwao dipoli: maji ya upande wetu yakiwa na joto kuliko kawaida na ya upande wa Sumatra, kule Indonesia, yakapoa, vuli huwa nzito, hali ikigeuka, vuli hukauka. Mwaka 1997 dipoli na El Nino zilivuma pamoja, lakini 2015 dipoli haikuwa na nguvu hiyo. Mwaka 2019 dipoli peke yake, bila El Nino ya maana, ilitosha kutuletea mafuriko.

Bibi shamba: Mimi nitasema la shambani. Wengi wakisikia El Nino huanza kuhesabu magunia, kumbe mvua ya mfululizo huizamisha nitrojeni, kile chakula cha mmea kilichomo kwenye urea, chini ya mizizi, mahindi yakageuka manjano hata kwa aliyeweka urea. Gawa mbolea ya kukuzia mara mbili, panda maharage kwenye matuta, na uwe na turubai la kuanikia, kwa sababu nafaka iliyovunwa mbichi hualika sumukuvu.

Mkulima wa Same: Nashukuru sana, dada. Je, masika nayo niikisie kwa dipoli?

Mfuatilia mawingu: Hapana. Dipoli kwa kawaida husambaratika ifikapo Desemba au Januari, na uhusiano wa masika na El Nino ni hafifu. Subiri utabiri wa msimu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa ndipo ununue mbegu.