Mrejesho: Funeral ya Arcade Fire, tumeisikiliza upya

Wakuu, niliuliza kama albamu ya Funeral (2004) ya Arcade Fire, bendi ya Montreal, bado inafaa kuwasikilizisha wenzangu wapenda muziki hapa Mtwara. Mkashauri tuipige yote bila kuruka wimbo. Tumefanya hivyo Shangani, barazani, kwa spika moja. Nilipowaeleza kuwa jina lilitokana na misiba iliyowapata wanabendi kipindi cha kurekodi, soga zikakatika. Wimbo "Haïti" waliomba urudiwe: mwanabendi Régine Chassagne, ambaye wazazi wake walitoka Haiti, anaimba mambo mazito kwa sauti laini kabisa. Kwangu kilele ni "In the Backseat". Fidla zinapanda taratibu, naye Régine anapaza sauti mpaka mwili unasisimka. Asanteni sana! Sasa wanadai albamu yao ya Neon Bible ya 2007.