Mdogo wangu aliachia kidato cha pili, QT (Mtihani wa Maarifa) inampa cheti au haimpi? (Tanga mjini)

KakaMtu_Makorora
Wakuu habari za saa hizi, naombeni mawazo. Nina mdogo wangu wa kike aliachia shule kidato cha pili 2019, alipata ujauzito na enzi zile mnajua wenyewe, ikibainika tu safari imeishia hapo, hata mtihani wa kidato cha pili hakuufanya. Sasa mtoto kashakua yuko chekechea, mama yake anapika vitumbua hapa Makorora asubuhi, na juzi kanishtua kaniambia kaka nataka kusoma nipate cheti cha kidato cha nne niende unesi. Nimefurahi kweli ila kila ninayemuuliza ana lake. Mmoja anasema afanye QT akifaulu ndo tayari ana cheti, mwingine anasema QT ilishafutwa zamani, alafu kuna kituo cha tuisheni huku mjini wanataka laki tatu na nusu wanasema watampitisha QT na kidato cha nne Novemba hiyohiyo moja. Shemeji yangu nae kaja na mpya, eti kuna mtihani wa Kimarekani unafanya kwenye kompyuta unapewa cheti cha sekondari bila kukaa darasani. Nishike lipi? Na mi nilivyopanga achukue masomo ya sanaa tu na EDK (Elimu ya Dini ya Kiislamu), maana dini anaijua toka madrasa, au nakosea?

MwalimuWaJioni
QT haijafutwa, nani kakwambia. Ndo huo Mtihani wa Maarifa, NECTA, yani Baraza la Mitihani, wanautunga kila mwaka. Ila sio cheti cha kidato cha nne na wala haukai badala yake, yani akifaulu QT anachopata ni ruhusa ya kujiandikisha kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, basi. Mambo yake ni ya kidato cha kwanza na cha pili.

Huyo wa Novemba moja mkimbie kaka. Piga hesabu mwenyewe, QT inafanyika Novemba pamoja na kidato cha nne, majibu yake yanatoka Januari pamoja na ya kidato cha nne, sasa mtu ambae hajui kama kafaulu QT anaingiaje kwenye chumba cha kidato cha nne wiki ileile? Haiwezekani. Ni Novemba hii QT, Novemba ijayo kidato cha nne. Uzuri wake matokeo yakitoka mwishoni mwa Januari dirisha la kujiandikisha bado liko wazi hadi Februari mwisho, kwahiyo akiwa macho hapotezi mwaka hapo katikati. Akilala ikamkuta Machi anajiandikisha na faini. Nawaandikisha watu kila mwaka na bei ninazozijua mimi ni hizi, QT 30,000 na kidato cha nne 50,000, ukichelewa inakuwa 40,000 na 65,000. Sasa hiyo laki tatu na nusu mwambie akuandikie kwenye karatasi ni ya nini na nini.

mama_pacha_Duga
Mwalimu umenitonesha kidonda. Mimi 2022 niliwapa watu hela kama hivyo, nami kwa ushamba wangu sikuuliza kitu, nikawa naenda jioni nasoma nakunja madaftari narudi, wakaniambia tumeshakuandikisha tulia. Nikatulia. Oktoba naomba namba yangu ya mtihani naambiwa mtandao unasumbua, Novemba naamka naenda kituoni jina langu halipo!! Nililia pale getini hadi mlinzi akaniletea maji. Hela sikurudishiwa mpaka leo na yule bwana tukikutana sokoni ananisalimia vizuri kabisa kama hakuna kitu.

Kakamtu mwambie mdogo wako asimpe mtu yeyote hela amlipie. Aende mwenyewe kwenye shule ambayo ni kituo cha mtihani, wanampa namba ya rejea, anaingia kwenye tovuti ya NECTA anajaza mwenyewe, inatoka kontroo namba analipa kwa simu. Mi mwaka uliofuata nilifanya hivyo kwa simu ya mwanangu na sikumaliza hata nusu saa, sijui nilikuwa naogopa nini.

Mbondei_Ughaibuni
Kuhusu huo wa Kimarekani nadhani shemeji anaongelea GED. Upo kweli, ni masomo manne, hesabu, lugha, sayansi na maarifa ya jamii, kila somo unatakiwa ufikishe 145, na ni kwa Kiingereza, Kiswahili hakimo. Mi niko Florida na huku ndo kuna hiyo habari ya mtihani mmoja kukaa badala ya mwingine, nikupe mfano wa mtoto wangu. Ili amalize hai skuli ilitakiwa afaulu mtihani wa jimbo wa Kiingereza wa darasa la 10 na ule wa aljebra. Aljebra akapita, Kiingereza kikamgomea mara mbili, tulikuwa tumehamia karibuni na nyumbani tunapiga Kiswahili tu. Mshauri wa shule akatuita akasema msihangaike, kuna mitihani ya kuombea chuo kikuu, akipata 480 kwenye SAT upande wa kusoma na kuandika, au wastani wa 18 wa Kiingereza na kusoma kwenye ACT, jimbo linahesabu kafaulu. Akaenda SAT akapata, ikaisha. Hata aljebra ina namba zake za kubadilishia. Na hapo ni Florida, ukivuka jimbo sheria nyingine, Massachusetts wao wamepiga kura Novemba 2024 wakauondoa kabisa mtihani wao kwenye masharti ya kumaliza shule.

Ila mambo haya ni ya huku. Kwa Tanzania cheti chochote cha nje lazima kwanza kipelekwe NECTA wakilinganishe ndo chuo kikitazame, sasa dada wa Makorora atumie dola na Kiingereza cha watu alafu arudi kwenye mlango uleule wa NECTA, kwa faida gani?

KakaMtu_Makorora
Nimewaelewa wakuu, yule wa Novemba moja nishamfuta kwenye simu. Sasa hiyo ya masomo vipi? Na kusoma asome wapi, maana peke yake nyumbani na mtoto naona kama hatoweza.

MwalimuWaJioni
Hapo kwenye masomo ndo ulikuwa unaenda kumpoteza na nia yako njema. Umesema anataka unesi. Vyuo vya afya ngazi ya cheti wanataka ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, na ndani yake kuwe na kemia, baiolojia na fizikia. EDK asome kwa faida yake, hata akipata A, kwenye hayo manne haihesabiwi. Nina mwanafunzi alikuja na cheti kizuri tu, historia C, Kiswahili B, uraia C, EDK A, anataka kuwa tabibu, nilikosa pa kuanzia kumwambia. Alirudi akafanya tena sayansi tatu.

D inaanzia 30, kwahiyo msitishike na fizikia kama mlima wa Usambara. Ila ajue na hili, mwanafunzi wa shuleni ana alama 30 za maendeleo zinazotoka shuleni kwake na mtihani unabeba 70. Mtahiniwa wa kujitegemea hana hizo, karatasi ya Novemba ndo kila kitu. Na kwasababu ni sayansi, kabla hajachukua namba ya rejea amuulize kabisa mkuu wa kituo kuhusu praktiko na maabara, asije kuambiwa Septemba.

binti_Pongwe
Kaka mtu usisahau Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Mimi ndo nilipopitia, kidato cha kwanza na cha pili mnasoma mwaka mmoja mnafanya QT, cha tatu na cha nne mwaka unaofuata. Tena wasichana walioacha shule kama yeye waliwekewa utaratibu wao chini ya SEQUIP, mradi wa serikali wa kuboresha elimu ya sekondari, aende ofisini kwao aulize kama nafasi bado zipo. Darasani kwetu tulikuwa wamama kibao, mmoja alikuwa ananyonyesha huku anaandika noti. Ujue pia toka Novemba 2021 serikali iliruhusu waliojifungua kurudi shule ya kawaida, mi nilikataa sababu kukaa na watoto wa miaka 14 nikiwa na wangu mgongoni niliona aibu.

Na nyumbani kukiwa na kelele kuna maktaba ya mkoa, ile ya zamani ya King George. Mi nilikuwa namuacha mtoto kwa bibi yake naenda kujifungia huko.

mama_pacha_Duga
Na vitumbua asiache jamani, atakula nini hiyo miaka miwili 😂 asubuhi vitumbua jioni kitabu.

KakaMtu_Makorora
Nimemsomea yote nyie mlivyoandika, kakaa kimya alafu kaniambia nilijua tu EDK haitonisaidia ila sikutaka kukuvunja moyo. Jumatatu naenda nae kwanza Watu Wazima, tukikosa nafasi tunasubiri Januari tujiandikishe wenyewe. Kemia na baiolojia anasema hana wasiwasi, fizikia atajitahidi, ila hesabu hataki hata kuisikia, anauliza si lazima kwa unesi?

MwalimuWaJioni
Fizikia atajitahidi bila hesabu? Mwambie Jumamosi saa kumi aje na daftari la mistari, na vitumbua kumi.