Ushauri: Mume wangu anashiriki Vasaloppet, nisimame wapi pale Mora?

MamaNeema: Habarini wakuu. Mume wangu kajiandikisha Vasaloppet, zile mbio za skii za kilomita 90 kule Sweden, kutoka Sälen hadi Mora, Jumapili ya kwanza ya Machi. Anakadiria kutumia saa tisa au kumi. Mimi nitamsubiri Mora na mtoto wa miaka sita, ila natamani kuwaona na washindi. Niwahi asubuhi nishike nafasi, au nije jioni tu? Naombeni uzoefu.

Mzee_wa_Fimbo: Dada, ukikaa nje kutwa nzima na mtoto mtaganda. Mbio zinaanza saa mbili asubuhi, wa kwanza wanaingia Mora kwenye saa sita mchana, wakati mwingine kabla. Mwaka 2021 Tord Asle Gjerdalen wa Norwei alitumia saa 3 na dakika 28 tu! Wale hawapigi hatua, miguu imetulia, wanajisukuma kwa fimbo mwanzo mwisho. Utasikia kelele, kundi linatokea, mmoja anachomoka, anavishwa shada shingoni, basi. Waoneni hao, kisha ingieni ndani, mle chakula, mtoto alale.

Nuru_K: Naunga mkono. Jioni usimtafute shemeji kwa rangi ya nguo, watu ni zaidi ya elfu kumi na wote wamejaa barafu kwenye nyusi. Shika namba yake ya kifuani, mfuatilie kwenye simu kituo kwa kituo. Akishapita kituo cha Eldris zimebaki kilomita 9, na kwa mtu aliyechoka hiyo ni kama saa nzima. Hapo ndipo mvae makoti mtoke. Msibanane kwenye mstari wenyewe, simameni nyuma kidogo kwenye ule mnyoosho wa mwisho, na mkubaliane mapema mtakuwa upande gani. Mtu aliyetoka kilomita 90 hageuzi shingo ovyo.

Chausiku: Mimi wa mchana hata sina haja nao. Raha iko jioni, giza likiingia: mtu anavuka mstari halafu anashindwa kufungua buti kwenye skii, vidole vimekufa ganzi, mpaka ainamiwe na mwingine. Mnamkumbuka Philip Boit wetu, yule Mkenya wa skii, Olimpiki ya Nagano 1998? Alimaliza wa 92, wa mwisho kabisa, na Bjørn Dæhlie aliyeshinda akamsubiri pale pale amkumbatie. Boit akaja kumpa mwanawe jina la Dæhlie.

MamaNeema: Asanteni sana. Na medali anapewa kila anayemaliza?

Mzee_wa_Fimbo: Hapana. Anapewa anayemaliza ndani ya muda wa mshindi ukiongeza nusu yake. Mshindi akitumia saa nne, mwisho wa medali ni saa sita. Kwa saa tisa za shemeji, hilo swali usimuulize akifika. Ila simu iwe na chaji: vituoni kuna muda wa mwisho, ukipita wanafunga kamba na anakuja Mora kwa basi.

Nuru_K: Nguo zake za kubadili asikupe wewe uzibebe, mfuko anaukabidhi kule mwanzo, unasafirishwa hadi Mora.

MamaNeema: Nimemwambia tutasimama kushoto. Anauliza kushoto kwake au kwangu.

Chausiku: Kwake, dada! Wewe una nguvu za kuhama.