Pilipili mbuzi zimenawiri majani tu, maua yanadondoka. Niweke mbolea gani?

mkulima_mkuranga
Habari zenu wakuu. Nina robo heka ya pilipili mbuzi huku Mkuranga, udongo wa kichanga, namwagilia kwa ndoo. Ni wiki ya nane tangu nihamishe miche. Kupandia niliweka DAP, afu kukuzia dukani wakanipa urea, nimeshaweka mara mbili, kizibo cha soda kila mche. Sasa miche imenipita magoti, majani kijani kimekolea, ila kila asubuhi nakuta maua chini, kikonyo kimegeuka njano. Kuna mtu ananiuzia busta, dawa ya kuchochea mimea, anasema zitabeba ndani ya wiki. Nisaidieni kabla sijatoa hela, hii ni ya kikoba.

mama_shamba_muheza
Pole sana kaka. Hiyo urea usiiguse tena, ni naitrojeni tupu asilimia 46, mmea ukishiba hiyo unakimbilia majani unasahau kuzaa. Na DAP ni 18-46-0, yani naitrojeni, fosforasi na potashi kwa mpangilio huo, ile sifuri ya mwisho ndo potashi, yani kwenye mifuko yote uliyonunua pilipili hazijapata potashi hata chembe na ndo inayojaza matunda. Chukua NPK 17-17-17, hiyo ina zote tatu sawasawa. Kwa mchanga wako usimwage kizibo kizima kwa mkupuo, maji yanaishusha chini mizizi haijala, weka nusu leo nusu wiki ijayo. Chora kijifereji kuzunguka mche, kiganja kizima mbali na shina, fukia ndo umwagilie. Na samadi tafuta, mchanga bila samadi haushiki kitu, ila iwe imeoza, mimi ya kuku mbichi iliniunguzia mistari mitatu nikiangalia hivi hivi.

kilimo_moro
Naungana na mama, ila tusiilaumu mbolea peke yake. Chuma ua, likung'ute juu ya karatasi nyeupe. Ukiona vidudu vyembamba kama vipande vya uzi vinatembea hao ni thiripsi, nao wanadondosha maua, hapo hata uweke mbolea ya dhahabu hazibebi. Kingine maji, ukiruka siku mbili na jua la Pwani maua hayakai.

mama_shamba_muheza
Kweli kabisa. Na zikishabeba ukiona kitako cha tunda kinaoza cheusi hiyo ni kalisiamu haifiki, maji yakiwa ya leo yapo kesho hayapo ndo inatokea sana. Kwanza weka maji kwa mpangilio. Msimu ujao pima udongo kabla ya kununua chochote, TARI Mlingano, kituo cha utafiti wa kilimo huku kwetu, wanapima.

mkulima_mkuranga
Asanteni sana jamani, busta nimeacha. Nimekung'uta maua kumi asubuhi hii, manne yana hivyo vidudu, rangi ya njano njano. Sasa nianze kupiga dawa au niweke NPK kwanza?

kilimo_moro
Dawa kwanza, piga jioni nyuki wakishalala. NPK weka keshokutwa.